Binti wa Bengali Aliyefia Kamachumu

Ukitaka kumpata Adventina pale Kashai, usiulize namba ya nyumba. Simama kwenye kona ya maduka ya vifaa vya umeme utege sikio. Ukisikia mtu anacheka bila kujali nani anapita, ufuate huo mlio. Utafika kwenye chumba chenye kioo kikubwa na viti vya plastiki, na humo utamkuta mwanamke mrefu, mwembamba, anasuka nywele za mteja huku mabega yanamtikisika. Mteja naye anacheka, kichwa kinayumba, na mistari inapinda. Mistari ya Adventina imepinda tangu afungue saluni na wateja hawajapungua. Mimi mwenyewe kichwa changu anakishika yeye, na kwa kuwa nikitoka najitanda mtandio, mistari yangu iliyopinda anaijua mume wangu tu.

Jina langu Mastura, fundi cherehani wa Miembeni. Babu yangu alikuja Bukoba kutoka Tanga kuuza vitambaa, akaonja ndizi za hapa, akasahau njia ya kurudi. Wahaya wananiita Mswahili, na mimi nawaita nshomile, maana yake "nimesoma", kwa jinsi wanavyopenda kukutajia elimu yao kabla hujaiuliza. Tunataniana hivyo na hakuna anayenuna. Nasema haya mapema ili mjue kwamba habari za mila za Kihaya nitakazozitaja nilizipata kwa kuziona, na nyingine kwa kukemewa.

Adventina alizaliwa Kamachumu, katika kibanja, yaani shamba la nyumbani, la ndizi na kahawa. Mama yake alifariki angali mdogo, baba naye hakukawia kumfuata, na akabaki na shangazi yake, Kokubanza, dada wa baba, mwanamke ambaye hakujaliwa mtoto. Bibi huyu ni mfupi, mkavu, ana sauti ya kuitia mtu aliye ng'ambo ya bonde. Alimlea yule mtoto kwa fimbo, maziwa na Biblia ya Kilutheri. Fimbo haikufaa kitu. Kwenye kwaya ya watoto walimtoa Adventina sauti ya kwanza wakampeleka ya pili, kisha wakampa kazi ya kushika vitabu vya nyimbo, na bado akacheka navyo mkononi. Siku moja mzee wa kanisa aliteleza akiwa na sahani ya sadaka, kanisa zima likainama kwa aibu, na sauti moja tu ikasikika. Shangazi alimchapa njia nzima hadi nyumbani, na mtoto alicheka njia nzima kwa kukumbuka.

Alipokua akaja mjini, akajifunza ususi, akakodi chumba Kashai. Na hapo Kashai, milango michache kutoka kwake, kulikuwa na seremala aitwaye Philbert, kijana mkimya kiasi kwamba wateja walidhani ni bubu, mpaka alipotaja bei. Philbert hakujua kutongoza. Alimtengenezea Adventina kigoda, akakiacha mlangoni. Baada ya wiki akaleta cha pili. Saluni ilipojaa vigoda hadi wateja wakawa hawana pa kupita, Adventina akamfuata karakanani akamwuliza anataka nini. Philbert akasema, "Nilidhani umeelewa." Huo ndio uchumba wao wote, na mimi ni shahidi.

Posa ilipelekwa Kamachumu. Wazee wakanywa rubisi, ile pombe ya ndizi, mimi nikanywa soda, na harusi ikapangwa Januari. Lakini shangazi Kokubanza alikubali kwa shingo upande. Alisema kijana asiyezungumza ana jambo analolificha. "Nimekubali," aliwaambia wote pale uani, "lakini nikiona kasoro moja, nafunga mlango." Na Adventina alijua maana yake. Mtu pekee wa kumtoa nyumbani siku ya harusi alikuwa shangazi huyo, na asipomtoa yeye, basi hatoki. Nilimwambia siku hizi watu wanaolewa bomani na mashahidi wawili wa kuokota. Akanijibu, "Yule mama alinibeba mgongoni mpaka nikawa mrefu kuliko yeye. Nitoke mlango gani ambao hayupo?" Nikaendelea kushona.

Sasa ndipo anapoingia Mwalimu Apolinary Kashaija. Mwalimu huyu amestaafu na anaishi Kamachumu, na katika ujana wake alisomea India, mjini Kalkuta. Ni nshomile wa daraja la juu. Kalkuta ataipitisha hata kwenye mazungumzo ya bei ya maharage. Mwaka juzi alitunga mchezo wa kuigiza, akauleta mjini akitafuta waigizaji, na bahati mbaya au nzuri akapita Kashai, akasikia kicheko.

Mchezo wenyewe ulikuwa juu ya msichana wa Bengali aitwaye Shefali. Mwalimu alitueleza wazi kwamba Shefali ni wa kutunga, ila wasichana wa umri wake waliobeba silaha chini ya sari dhidi ya Mwingereza walikuwepo kweli, tena wengi. Shefali wake alikuwa na miaka kumi na tisa, binti wa karani wa posta, anasoma chuo na kupenda mzaha. Anaona baba yake mtu mzima akiamkuliwa "kijana" na mzungu mwenye ndevu za juzi. Anajiunga na kundi la siri. Anajifunza kulenga bastola kwa kulenga maembe ya jirani, anasafirisha risasi ndani ya kapu la mchele, na polisi wanamsaidia kulibeba kwa sababu linaonekana zito. Anakula kiapo na mwenzake wa karibu, kijana aitwaye Tarun. Baadaye Tarun anakamatwa, anateswa, anawapeleka Waingereza hadi mafichoni kwa Shefali. Shefali anakunywa sumu asije akawataja wenzake. Ndio mwisho.

"Lakini Mwalimu," nilimwuliza, "msichana wa kufa vile, unamchukua huyu anayecheka?"

"Ndiyo maana namchukua," akasema. "Watu wanadhani wanamapinduzi walizaliwa wamekunja uso. Walikuwa vijana. Kule Kalkuta nilizungumza na mama mmoja mzee aliyewajua, akaniambia walikuwa wanacheka mpaka majirani wanalalamika."

Basi Philbert akapewa kuwa Tarun, kwa sababu Tarun ana maneno machache. Mwalimu mwenyewe akawa ofisa wa Kiingereza, na kofia yake ilikuwa helmeti ya pikipiki iliyopakwa rangi nyeupe. Mimi nikapewa mavazi. Sari ya Shefali niliishona kutokana na mapazia meupe ya sebuleni kwangu, nikatia ukingo wa kijani. Mume wangu aliporudi akakuta dirisha liko wazi, nikamwambia ni kwa ajili ya uhuru wa India, akaenda kulala.

Mazoezi tuliyafanyia dukani kwangu Miembeni, na sijawahi kufurahi vile maishani. Adventina alilenga maembe kwa chuma cha kunyooshea nywele. Philbert alisema maneno yake yote akiangalia sakafu, na Mwalimu akamwambia Tarun hakuwa anatafuta shilingi iliyodondoka. Tabu ilikuwa kifo. Shefali anakunywa sumu, anaanguka, anasema maneno yake ya mwisho: "Mwambieni mama asinisubiri chakula." Kila alipofika hapo, Adventina alipasuka. Alikufa akicheka mara nyingi hata Mwalimu akavua helmeti akaikalia. Adventina akasema, "Nisamehe, Mwalimu. Mtu anakufa halafu anawaza chakula?"

Jambo jingine lilikuwa kiapo. Katika maandishi ya kwanza, Shefali na Tarun wanaweka viganja juu ya mwali wa taa. Mwalimu akatafakari, akasema watu wa Kamachumu ukiwaonyesha taa watafikiri umeme umekatika. Akaona afadhali atumie omukago. Mimi nikauliza omukago ni kitu gani, na wote watatu wakanitazama kwa huruma.

Zamani, walinieleza, watu wawili waliotaka kuwa ndugu walichukua tunda moja la kahawa, ambalo ndani yake mna mbegu mbili pacha. Kila mmoja alichanjwa kidogo tumboni, mbegu ikapakwa damu, na kila mmoja akameza iliyo na damu ya mwenzake. Tangu hapo wao ni ndugu kuliko waliozaliwa tumbo moja. Mmoja akimsaliti mwenzake, tumbo linamvimba hadi linamuua. Sisi kwenye mazoezi tulitumia karanga na tomato sosi.

Siku ya mchezo ikafika, Jumamosi alasiri, kwenye uwanja ulio karibu na soko la Kamachumu. Watu walijaa. Wengine walikaa juu ya magunia, wengine juu ya pikipiki zao. Shangazi Kokubanza alikaa mbele kabisa, amevaa gauni lake la kanisani, na mapajani ana kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na kukaushwa, ambayo wazee wa hapa hawatoki nyumbani bila hiyo. Philbert alikuwa bado anagongelea jukwaa dakika za mwisho. Kwa haraka akajigonga kidole gumba, nikamfunga kwa kipande cha pazia, na mchezo ukaanza.

Ulianza vizuri kupita tulivyotarajia. Maembe yalipigwa, kapu la risasi likabebwa na polisi, watu wakacheka mpaka wakagongana. Bibi mmoja akauliza kwa sauti kama huyu Mwingereza ni yule yule aliyekuwa hapa, na shangazi Kokubanza akamjibu kwa sauti zaidi, "Ndiye. Baba yangu alikuwa anasimulia walivyokuja kumfundisha kutunza mibuni aliyoipanda mwenyewe." Baada ya hapo Mwalimu akawa anazomewa kila anapotokea, na alifurahi sana.

Kikafika kiapo. Shefali akanyoosha mkono kwenye sahani. Sahani tupu. Adventina alikuwa amezila karanga zote nyuma ya pazia kwa sababu ya wasiwasi. Nikamwona mabega yanaanza kutikisika, nikasema kimoyomoyo tumekwisha. Ndipo Philbert, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akafanya jambo kwa haraka. Akaruka chini ya jukwaa, akapiga goti mbele ya shangazi Kokubanza.

"Shangazi, waitu," alisema kwa heshima, "nisaidie kahawa. Tunakula omukago."

Shangazi alifurahi kuombwa mbele ya watu. Akachambua kikapuni akatoa tunda moja zuri, akamkabidhi kwa mikono miwili. Philbert akarudi jukwaani, akalipasua kwa meno. Katika kupasua, kile kitambaa cha kidole kikachomoka na damu ikatoka, ikaipaka mbegu. Adventina naye, alipoinama, pini niliyomfungia sari kiunoni ilimchoma. Akajishika, akaona doa jekundu kidoleni, na badala ya kupiga kelele akafanya anavyofanya mwigizaji aliyekolea: akaipaka mbegu yake. Wakabadilishana, wakameza, kila mmoja akimtazama mwenzake machoni.

Nilishangaa kuona uwanja umetulia. Wazee wa mbele waliacha kutafuna. Mimi nikadhani wameguswa na sanaa.

Sehemu ya tatu ikaja. Tarun, amefungwa kamba, anamleta ofisa hadi mafichoni. Philbert akainua mkono kumwonyesha Shefali. Hapo shangazi Kokubanza akasimama.

"Wewe kijana," akasema, "shusha mkono."

Philbert akaushusha.

"Omukago umekula sasa hivi, sisi sote tunaona. Kahawa ni yangu, imetoka kwenye kibanja cha kaka yangu. Ukimsaliti huyo mtoto, tumbo litavimba hapo hapo ulipo. Unataka kufa?"

"Hapana, Shangazi," alisema Philbert.

"Basi mwambie huyo mzungu hujui lolote."

Philbert akamgeukia Mwalimu akamwambia hajui lolote. Uwanja ukalipuka. Mwalimu alijaribu kuuokoa mchezo, akapaza sauti kwamba historia ndivyo ilivyo, lakini nani amsikilize mtu mwenye helmeti. Vijana wakapanda jukwaani wakamfungua Tarun kamba, akina mama wakamzunguka Shefali, na yule ofisa akakimbizwa hadi kwenye mibuni nyuma ya soko, kofia ikabaki njiani. Ngoma zikatoka sijui wapi. Watu wakacheza, mimi nikacheza, na Adventina akacheka mpaka akakaa chini. Siku ile Kamachumu ilimwondoa Mwingereza Bengali kabla ya magharibi, na sikumwona mtu aliyejuta.

Vumbi lilipotulia, shangazi Kokubanza akaja, akamshika Adventina mkono huu na Philbert mkono huu. Uso wake ulikuwa laini, sijawahi kuuona hivyo.

"Hongereni, wanangu," akasema. "Sasa ninyi ni ndugu. Ile pombe ya posa tutawarudishia wenyewe."

Adventina akacheka. Akamtazama shangazi, akacheka kidogo tena. Kisha akaacha.

"Shangazi, ulikuwa mchezo."

"Kahawa ya mchezo ni ipi? Na damu ya mchezo? Niliiona kwa macho yangu, tena niliyeitoa kahawa ni mimi, mkubwa wa nyumba yenu. Mtu haolewi na ndugu yake."

Tulijaribu kila njia. Mchungaji alikuja akamweleza kwamba hayo ni mambo ya zamani na Mkristo hafungwi nayo. Shangazi akampa chai, akamsikiliza hadi mwisho, akasema, "Mchungaji, kuniombea unaweza. Kuitapisha ile kahawa huwezi." Mwalimu Kashaija akaja na hoja, akaanzia Kalkuta. Hakufika mbali. Na Philbert, maskini, ndiye aliyeharibu zaidi. Alidhani akijipendekeza atasamehewa, basi kila mwisho wa wiki akapanda gari kwenda Kamachumu, akapalilia migomba, akaitandazia nyasi, akarekebisha mlango wa jiko. Shangazi akawa anamsifu kijiji kizima. "Ndugu wa namna hii," anasema, "hata wa kuzaliwa hatakufanyia." Kila jembe alilolishika lilimsogeza mbali na harusi.

Saluni ya Kashai ikanyamaza. Watu walipita mlango bila kujua wamepita. Mistari ikaanza kunyooka, na wateja wakalalamika kwamba si ususi aliowazoesha. Mimi nilikuwa naumia, nasema kweli. Nilikuwa namwona anakula nusu sahani, anaosha mikono, anasema ameshiba. Nilimkasirikia yule bibi, nikawakasirikia wazee wao na kahawa yao, halafu nikajikasirikia mimi na pini yangu.

Mchana mmoja alikuja dukani kwangu. Nilikuwa naifumua ile sari nirudishe mapazia. Akaikamata.

"Usifumue. Mastura, ile kahawa nani aliila?"

"Si wewe?"

"Nilikuwa naitwa nani siku ile?"

Nikaweka mkasi chini. Hatukusubiri hata chakula, tukafunga duka, tukaenda Kamachumu siku hiyo hiyo. Tulimkuta shangazi uani anamenya ndizi. Adventina akapiga magoti, akamwambia: waliokula omukago ni Shefali na Tarun, watu wa Bengali. Yeye na Philbert waliwaazima tu miili.

Shangazi alimenya ndizi mbili tatu. Halafu akauliza, "Huyo Shefali yuko wapi?"

"Hayupo, Shangazi. Ni wa kutunga."

"Yupo. Nilimwokoa mimi mwenyewe mbele ya watu wote. Yule mzungu alikimbia, msichana akabaki mzima, tukacheza naye ngoma. Kama yu hai, omukago wake u hai, na amekaa ndani yako." Akaweka kisu kwenye beseni. "Omukago unakatwa na kifo tu."

"Basi atakufa," alisema Adventina.

"Afe hapa uani, nione. Na asinifanyie utani. Nakujua wewe. Ukicheka, hajafa."

Njia nzima ya kurudi mjini nilimwangalia huyu mwanamke ambaye hajawahi kumaliza mazishi bila kuziba mdomo, nikajua harusi imewekwa mahali pabaya kuliko mwanzo.

Tulikwenda wote Jumamosi iliyofuata, asubuhi, baada ya umande kukauka. Jukwaa lilikuwa ua wa shangazi, na watazamaji ni yeye kwenye mkeka, majirani wachache, na kuku. Mwalimu alikuja na helmeti yake, imebonyea upande mmoja. Hatukuanza mwanzo. Tulianza pale tulipokatizwa.

Philbert akaletwa na kamba mikononi. Akainua mkono kumwonyesha Shefali. Nilimwona shangazi ameshika ukingo wa mkeka kwa ngumi mbili, midomo inacheza. Neno moja lake lingetosha kumwokoa tena yule msichana, na alikuwa nalo mdomoni, kila mtu aliliona. Hakulisema. Philbert akanyoosha kidole, akasema, "Ni yeye." Kisha akajipapasa tumbo.

Adventina akainywa sumu, ambayo ilikuwa chai ya rangi. Akapiga magoti, akalala ubavu juu ya udongo ule ambao alijifunzia kutambaa. Nikafunga macho kwa sababu nilikijua kinachofuata.

"Mwambieni mama," akasema, na akanyamaza.

Nikafumbua macho. Alikuwa anamtazama shangazi. Yule bibi aliyemfunikia sahani miaka yote, akamngoja shuleni, akamngoja kwaya, na hata alipohamia mjini bado anapika ndizi moja ya ziada Jumamosi, huenda mtoto akatokea. Niliona Adventina anakielewa kile ambacho Mwalimu alishindwa kumweleza dukani kwangu, kwamba msichana wa miaka kumi na tisa anayekufa hawazi dola wala bendera. Anawaza mtu aliyekaa karibu na jiko, anageukageuka kuangalia mlango.

"Mwambieni mama asinisubiri chakula."

Hakucheka. Mkono ukadondoka, na sari yangu ikaingia vumbi.

Hakuna aliyepiga makofi. Shangazi Kokubanza akasimama polepole, akaja, akapiga magoti. Akapitisha kiganja juu ya macho ya Adventina kuyafumba, kama wanavyofumbwa waliokufa. Akavua kitenge alichojifunga juu ya gauni, akamfunika mwili wote hadi kichwani. Halafu akalia. Hakulia kwa kuigiza. Aliomboleza kwa Kihaya, kwa sauti yake ile ya ng'ambo ya bonde, hadi watu wakaanza kutoka kwenye vibanja vyao kuja kuona nani amefariki. Mwalimu akavua helmeti. Philbert alikuwa analia wazi, bila kuangalia sakafu, na mimi usiniulize.

Alipomaliza, shangazi akamgeukia Mwalimu. "Mama wa wale wasichana wa kweli, walipewa miili yao wakazika?"

"Wengine hawakupewa, Mama," alisema Mwalimu.

Shangazi akatikisa kichwa. Kisha akakifunua kitenge. Adventina alikuwa kimya chini yake, uso umelowa machozi.

"Amka, mwanangu," akamwambia. "Huyo amekwenda. Wewe una harusi Januari, na nitakutoa mimi."

Sisi tukadhani sasa ni vigelegele. Nilikuwa nimeshaweka ulimi tayari. Shangazi akainua mkono kunizuia.

"Kesho hakuna kushika jembe hapa," alisema. "Tumefiwa."

Huo ndio utaratibu wao. Penye msiba, ardhi haichimbwi. Tukalala pale Kamachumu, na asubuhi tukaketi uani, shangazi, Adventina, Philbert, Mwalimu na mimi, majembe yameegemezwa ukutani. Jirani mmoja, mzee, akapita na jembe begani akielekea kwenye migomba yake. Akatuona tumekaa, akasimama.

"Mmefiwa na nani?" akauliza.

"Mtoto wa watu," alijibu shangazi. "Wa Bengali."

Mzee hakuuliza Bengali iko wapi. Alilishusha jembe begani, akaliweka chini ya mgomba, akaja akaketi nasi.